Pampu Iliyobatizwa

Kosa la dereva lilikuwa moja tu: alizima injini. Tulikuwa kwenye barieri, kilomita chache kabla ya Bafwasende, na askari kijana alitaka kuona karatasi za gari, kisha za abiria, kisha mzigo. Dereva akaona shughuli itakuwa ndefu, akazungusha ufunguo ili asichome mazutu, yaani dizeli, bure. Tuliporuhusiwa kuondoka, Hilux ile ikagoma. Betri ilikuwa na nguvu, starta ilizunguka vizuri, lakini injini haikukohoa hata mara moja.

Abiria tulikuwa tisa, ukimhesabu mama aliyekaa nyuma juu ya magunia ya mchele, na hakuna aliyeshtuka. Dereva alimtuma msaidizi wake mtoni na bidoni ya njano. Akafungua boneti, akachukua kipande cha kitenge kilichochakaa, akaizungushia nacho pampu ya mazutu pale ubavuni mwa injini, akaanza kuimwagia maji kidogo kidogo. Mama wa mchele akachungulia.

"Papa, unaibatiza tena?"

"Mara ya tatu tangu Kisangani, Mama. Dhambi zake ni nyingi."

Baada ya robo saa hivi gari liliwaka kwa moshi mweupe na mtikisiko wa mgonjwa wa malaria. Dereva hakulizima tena hadi usiku. Hata alipokula wali na samaki kando ya njia, Hilux ilikuwa nyuma yake ikiunguruma, na yeye akitafuna huku sikio moja likiwa huko.

Safari hiyo nimeisimulia mara nyingi kama kichekesho. Siku moja nikaisimulia mbele ya fundi wa pampu, naye hakucheka. Alisema dereva yule alijua anachofanya, ila alikuwa anatibu homa kwa kitambaa cha maji.

Pampu ya gari lile ni ya aina ambayo imebeba pikapu za Afrika kwa miongo kadhaa. Ndani yake mna kipande cha chuma mfano wa kidole, kinachozunguka na kusukuma kwa wakati mmoja ndani ya tundu lake. Nafasi kati ya kidole na tundu ni mikroni chache tu; unywele wa binadamu una unene wa mikroni sabini hivi. Hakuna ringi wala mpira wa kuziba. Kinachozuia dizeli isirudi nyuma ni ule wembamba wa nafasi. Pampu ikichakaa, nafasi inapanuka. Asubuhi, dizeli ikiwa ya baridi na nzito, bado inajiziba yenyewe. Injini ikishapata moto, dizeli inakuwa nyepesi, starta inazungusha polepole, mafuta yanapata wasaa wa kurudi nyuma, na shinikizo halifiki lile la kufungua nozeli, ambalo kwenye injini hizi za zamani ni karibu bar 150. Ukiwa safarini huoni ugonjwa, kwa sababu kasi haiyapi mafuta muda wa kutoroka. Ugonjwa unaonekana pale unapozima injini ya moto na kutaka kuiwasha papo hapo. Maji ya mto yanairudishia dizeli uzito wake kwa dakika chache, nazo zinatosha. (Mafundi wanaonya: usiimwagie pampu maji injini ikiwa inazunguka. Ganda la nje ni alumini, husinyaa haraka kuliko chuma cha ndani, na vikishikana hapo hakuna tena wa kubatizwa.)

Swali ni kwa nini ilichakaa. Injini ina oili yake, gia zina oili yake, difu ina oili yake. Pampu hii haina. Inalainishwa na dizeli ileile inayoipitisha, kama mpishi anayelipwa kwa chakula anachokipika. Ukimletea unga wenye mchanga, yeye ndiye wa kwanza kuutafuna. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini pikapu za Kisangani zinakufa pampu anapaswa kuanza mbali sana na gereji.

Kisangani iko nusu digrii kaskazini mwa ikweta, kwenye kona ya Mto Kongo ambako maporomoko ya Boyoma yanazuia meli zisiende mbele. Ndiyo sababu ya mji kuwa pale, na ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kwenda Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906, ili mizigo iyazunguke maporomoko. Mazutu inaweza kufika kwa majahazi ya chuma kutoka Kinshasa, kilomita zipatazo 1,700 za mto, safari ya wiki kadhaa maji yakiwa mazuri. Au inaweza kutoka mashariki: inashushwa Mombasa, inapita bombani hadi magharibi mwa Kenya, inapakiwa kwenye malori ya tangi, inavuka Uganda, inaingia Kongo kwa Kasindi, kisha Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia, ndipo ishuke kwa Barabara ya Taifa Namba 4 hadi Kisangani. Hiyo ni zaidi ya kilomita 2,000. Barabara hiyo ilikuwa imemezwa na msitu kwa miaka mingi, ikafunguliwa upya katika mradi wa Pro-Routes ulioanza mwaka 2008 kwa fedha za Benki ya Dunia na washirika wake. Tangu hapo imekuwa ikifa na kufufuka kila msimu wa mvua, na upande wa Beni na Ituri kuna vipande ambavyo malori huvipita kwa msafara wenye ulinzi.

Hesabu sasa vyombo. Meli, tangi la bandarini, bomba, tangi la bara, lori, tangi la mfanyabiashara mjini, pipa, bidoni, mwishowe chupa ya mtaani. Kwenye kila mlango kuna mpira wa kunyonyea uliolala kwenye vumbi, funeli iliyotumika jana kwa oili chafu, mkono uliolowa mvua. Hakuna hata mmoja kati ya wanaovishika vyombo hivyo anayeweza kuitwa mwizi. Kila mmoja anaongeza tone.

Pipa ndilo ninalotaka kulikalia kidogo, kwa sababu watu hawaliamini linapoelezwa. Pipa la lita 200 linapumua. Likisimamishwa wima uani, mvua inakusanyika juu yake, ndani ya ule ukingo unaozunguka kizibo, na Kisangani mvua haina likizo ndefu. Mchana jua linapasha pipa, hewa iliyomo inatanuka na kutoka kidogo kupitia nyuzi za kizibo. Usiku pipa linapoa, hewa inasinyaa, na pipa linavuta ndani kile kilicho karibu na kizibo, yaani maji. Kizibo kimekazwa vizuri, hakuna aliyelifungua, na asubuhi lina maji. Dawa yake haigharimu hata faranga: lilaze pipa, vizibo vyake viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kushoto na kingine kulia, ili mafuta yenyewe yavifunike kwa ndani. Nimepita nyua nyingi za mapipa katika Makiso na Lubunga. Yaliyolazwa hivyo nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Maji yakishaingia hayatoki yenyewe. Ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, na pale yanapokutana na dizeli huota viumbe vidogo vya jamii ya bakteria na kuvu vinavyotengeneza utelezi wa kahawia. Dereva anaukuta kwenye filta na kudhani ni matope ya barabarani. Maji yakifika kwenye pampu yanakuta chuma kilichong'arishwa kama kioo, na gari likilala wikendi moja tu bila kuwashwa, kutu ya doa moja inatosha. Jumatatu kidole kimeganda tunduni.

Kuna kuchuja, bila shaka. Karibu kila Kadhafi anachuja. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa: Kadhafi ndilo jina ambalo Wakongo wamewapa wauza mafuta wa kando ya barabara, wenye meza, chupa na bidoni, kwa heshima ya kiongozi wa nchi iliyokuwa imejaa mafuta. Kadhafi anafunga kitambaa kwenye funeli na kumimina. Kitambaa kinazuia majani, nzi na vipande vya kutu vinavyoonekana kwa macho. Maji yanapita, na nyuzinyuzi za pamba zinapita nayo.

Nikiwa bado kwenye meza ya Kadhafi, niwaonye madereva wanaotoka upande wetu wa mashariki. Kongo imerithi majina ya mafuta kutoka Kifaransa. Dizeli ni mazutu, petroli yetu ni esansi, na wao wakisema petroli wanamaanisha mafuta ya taa. Mtanzania anayesimamisha pikapu ya petroli na kuagiza petroli ya lita ishirini kwa Kiswahili safi atauziwa mafuta ya taa kwa uaminifu mkubwa, atalipa, atashukuru, na hatafika mbali.

Mafuta ya taa yana hatia nyingine, na hii ni ya makusudi. Yanachanganyika na dizeli bila kuonekana, na injini ya dizeli inayachoma bila kulalamika sana siku ya kwanza. Lakini ni makavu. Hayalainishi. Eneo lote hili limepambana nayo: Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya mdhibiti wake wa nishati, EWURA, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua ife. Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu hiyohiyo. Hatua nzuri, ingawa mwenye koroboi ndiye aliyelipia dhambi ya mwenye lori. Sheria hizo zinaishia mpakani. Baada ya Kasindi kuna mamia ya kilomita za msitu, na kila kituo kina mtu mwenye funeli.

Hapo linakuja jambo ambalo lilinishangaza. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipunguza salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Mapafu ya watu wa mijini yanashukuru. Lakini mchakato wa kiwandani unaoondoa salfa unaondoa pia chembe asilia zilizokuwa zikiipa dizeli utelezi wake, na kiwanda kinalazimika kurudisha utelezi huo kwa kiongezo. Dizeli safi ya Mombasa, kwa hiyo, ina utelezi wa kuongezwa. Ukiichanganya njiani na mafuta ya taa unaumwagia maji mchuzi ambao tayari ulikuwa mwepesi.

Msidhani ni shida ya msituni tu. Marekani, nchi ya vituo vya mafuta vyenye lami na risiti, ilikuwa na msiba wake wa pampu. Kuanzia mwaka 2011 pikapu kubwa za dizeli za Ford na za General Motors zilifungwa pampu ya Bosch iitwayo CP4, yenye shinikizo kubwa kuliko iliyoitangulia, CP3. Wenye magari wakaanza kuona jambo moja: pampu inajisaga yenyewe, vumbi la chuma linasukumwa kwenye bomba, nozeli na tangi, na mfumo mzima wa mafuta unatupwa. Maelezo yaliyobishaniwa mahakamani yalihusu utelezi. Upo mtihani wa dizeli ambamo kipira cha chuma kinasuguliwa juu ya bamba kwa dakika 75 ndani ya mafuta yanayopimwa, kisha kovu lililobaki linapimwa kwa darubini. Ulaya inataka kovu lisizidi mikroni 460. Marekani inaruhusu 520. Pampu iliyozoea dizeli ya Ulaya ikapelekwa kunywa dizeli kavu zaidi. General Motors ilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi moja ya wateja wake. Kampuni ya Ram, iliyofunga CP4 kwenye pikapu zake za injini ya Cummins za mwaka 2019 na 2020, iliyaita magari zaidi ya 220,000 yarudi kurekebishwa mwishoni mwa 2021, na dawa iliyoyapa ilikuwa kuyarudishia ile CP3 ya zamani.

Mikroni 60 za tofauti ziliwatoa jasho Wamarekani wenye mawakili. Sasa fikiria bidoni ya Nia-Nia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema gari la zamani lilikuwa bora kwa sababu "chuma cha zamani kilikuwa chuma". Chuma cha leo ni kizuri zaidi. Tofauti ni uvumilivu. Land Cruiser ya mashirika ya misaada unayoiona mbele ya kila ofisi yenye antena ndefu mara nyingi imebeba injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta ya kusimamia mafuta, ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Inavuta polepole na inakula mafuta kama mgeni asiye na haya. Wanaoinunua si wajinga. Pampu yake ikianza kulia, inakupa miezi ya kusikia kilio: inakuwa ngumu kuwaka ikiwa na moto, inatoa moshi mweupe asubuhi, inapoteza nguvu mlimani. Inakupa muda wa kufika mjini, kuuza ng'ombe, kutafuta fundi.

Hilux mpya za dizeli, na pikapu nyingine za kizazi chake, zina reli moja ya mafuta inayohudumia nozeli zote kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,600, na kompyuta inaamuru kila tone. Zina nguvu, zina ukimya, zinakula kidogo. Kwenye lami ya Kigali ningenunua hiyo bila kuuliza mara mbili. Lakini mfumo wa namna hiyo haukohoi kabla ya kufa. Siku ya kwanza taa ya njano, siku ya pili kompyuta inainyima injini nguvu ili kuilinda, siku ya tatu uko kando ya barabara na mtu mwenye spana namba kumi na mbili ambaye hana la kufanya. Nozeli zake hazifunguliwi kwa nyundo na kusafishwa kwa mazutu. Zinapimwa kwa mashine, au zinabadilishwa. Na piesi zinazofika sokoni kupitia wafanyabiashara wa Butembo kutoka Dubai na Guangzhou zimo nzuri na zimo mbaya, ndani ya maboksi yanayofanana kama mapacha. Filta bandia ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inakufanya ulale usingizi.

Wakati fulani mtu anauliza: kwa nini tusiachane na mazutu, tutumie mawese? Si swali la kipuuzi, hasa hapa. Kilomita mia moja hivi chini ya mto kuna Yangambi, ambako kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC kilianzishwa mwaka 1933, na ambako mwanzoni mwa miaka ya 1940 Beirnaert na Vanderweyen walieleza urithi wa mchikichi uliozaa aina ya tenera inayolimwa leo hadi Malaysia. Na mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa nishati ya injini. Mwaka uliofuata basi lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mawese yaliyogeuzwa namna hiyo. Dizeli ya mimea inayosifiwa leo duniani, basi, ina damu ya mchikichi. Lakini neno lenye uzito hapo ni kugeuzwa. Mawese ya sokoni Kisangani asubuhi yameganda nusu. Ukiyatia tangini yalivyo yataziba filta kabla hujapita soko la kwanza.

Fundi niliyemsimulia habari ya ubatizo ana gereji chini ya mwembe katika mtaa wa Mangobo. Mbele ya gereji kuna ubao mrefu, na juu ya ubao kuna mitungi ya kioo iliyokuwa ya jemu. Hagusi spana kabla hajachota mazutu kutoka chini kabisa ya tangi la mteja na kuiweka mtungini. Mitungi inakaa juani ikijipanga rangi: ya chai, ya asali, ya bia, na mmoja wenye ukungu kama maji ya kunawia mikono.

Nilikuwa pale alipofika mwenye dabo kabini mpya, imevutwa kwa kamba. Alikuwa ameshaamua. Pampu imekufa, fundi aitoe, yeye amepata nyingine mjini, bei nafuu.

"Ngoja kwanza, patroni," fundi akasema, na kuinua mtungi. Chini kulikuwa na vidole viwili vya maji safi kabisa. "Mutuka haiko mugonjwa. Mazutu njo iko mugonjwa. Nikifunga pampu mupya leo, kesho kutwa unarudia hapa na hii kamba."

Patroni akamgeukia dereva wake. Dereva akaangalia mwembe.

Walibishana muda mrefu kuhusu kutoa tangi na kuliosha, kazi ya siku nzima ambayo haionekani kwa nje na kwa hiyo haina anayependa kuilipia. Mabomba yapulizwe, filta mbili zibadilishwe na si moja, kikombe cha kutenga maji kifunguliwe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Patroni alikubali kuosha tangi, akakataa filta ya pili. Fundi akaandika kwenye daftari kwamba imekataliwa, akamtaka atie sahihi. Nikamwuliza baadaye kwa nini sahihi. Akasema hiyo ndiyo piesi ya bei nafuu kuliko zote gerejini.

Walipokuwa bado wanavutana, niliona Hilux ninayoijua imesimama ng'ambo ya barabara, injini ikiunguruma, haijazimwa. Dereva wangu wa Bafwasende alivuka na kusalimia. Fundi aliinama chini ya boneti yake, akasikiliza, akamtajia kwa dola bei ya kufungua pampu na kubadilisha kichwa chake. Dereva alirudia bei ile mdomoni polepole kama mtu anayeonja. Akashukuru, akasema, "Mungu akipenda, Papa, mwezi ujao," akavuka hadi kwenye duka la vyombo vya plastiki na kununua bidoni mpya ya njano, ya lita ishirini, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeanza kuvuja.